Ufagio wa Aune

Aprili. Theluji imebaki viraka viraka
kama chokaa inayobanduka ukutani.
Nimepiga magoti chini ya haapa,
mti ambao majani yake, yakishachipua, hutetemeka hata pasipo upepo,
natafuta mavi.

Ndiyo, mavi. Usicheke.
Punje za manjano, saizi ya mchele,
kama wali wa bizari uliomwagwa na mtoto mtundu.
Ndiyo barua pekee anayotuandikia kindi arukaye,
kiumbe wa usiku, mzito kama chungwa moja,
ajitupaye toka mti hadi mti
kama leso iliyoponyoka kambani.
Mwaka wa kumi na tisa huu niko kazini
na nimemwona mara mbili.
Sheria haijamwona hata mara moja,
lakini inamwamini.

Sheria inasema: penye punje, msumeno usipite.
Lichorwe duara. Uachwe mti wa kiota, iachwe miti ya chakula,
na safu ya miti mirefu ya kumvusha,
maana huyu hashuki chini akatembea kama sisi.
Pasipo punje, Bwana Hynynen wa kampuni ya mbao
anafunga utepe wa rangi ya waridi,
na Jumatatu mashine inaingia.

Msitu huu ni wa mama yangu.
Nilipaswa kumwachia Jouko kazi hii,
ila Jouko amevunjika mguu,
na ofisi yetu nzima ni Jouko na mimi.
Paa la mama linavuja mahali patatu.
Misonobari ile aliipanda baba mwaka niliozaliwa,
akaiita akiba ya uzeeni.
Haapa hakuzipanda mtu. Zilijiotea.

Haapa ya kwanza: hakuna.
Ya pili: hakuna.
Kwenye ya tatu nikainama zaidi,
nikaona kuvumwani na majani ya mwaka jana
yamelala upande mmoja, mistari mistari,
kama nywele zilizochanwa kwa ajili ya picha.
Msitu haujichani.

Nikazizunguka zote, kumi na moja.
Zote zimefagiliwa.
Mwanamke wa miaka themanini na mmoja, goti bovu,
taa imefungwa kichwani, usiku wa manane,
anafagia msitu.

Fomu yangu ina kisanduku cha unene wa mti.
Ina kisanduku cha idadi ya punje: chache, kiasi, nyingi.
Haina kisanduku cha ufagio.
Walioitunga sheria huko Helsinki
walimfikiria mwenye msumeno,
wakamfikiria mnunuzi, mwenye barabara, mwenye mgodi.
Mama hakuwapitia akilini.

Jikoni kahawa ilikuwa tayari,
na mkate mtamu wenye iliki,
iliki iliyosafiri mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu.
Hakuniuliza kitu. Nami sikumuuliza.
Ufagio ulisimama nyuma ya mlango, umelowa,
na kati ya nyuzi zake punje moja ya manjano
ilikuwa imekwama
kama neno kooni.

"Nilimwona," mama akasema, akimimina.
"Nani?"
"Huyo wako. Alinipita juu ya kichwa, kimya.
Nikadhani upepo umeninyang'anya kitambaa.
Nikajishika: kipo."
Akatia sukari, akasahau kukoroga.
"Baba yako alikaa humu miaka hamsini, hakumwona."

Kwenye beseni, karibu na jiko, tone likadondoka.
Tulilisikiliza.
Likaja jingine.

Basi akasogeza kikombe changu,
akapangusa makombo mezani kwa kiganja,
akaiachia karatasi nafasi.

"Andika," akasema.
"Lakini uandike pia kwamba nilifagia vizuri."